Kutoka bikoni za Afrika Mashariki hadi muhuri wa mpima ardhi Marekani: mwongozo wa kujiandaa na mitihani ya leseni

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesomea upimaji ardhi pale Chuo Kikuu Ardhi, Nairobi, Nyeri au Makerere, akahamia Marekani, na sasa anashika prizimu (kioo ambacho kifaa cha kupimia hukilenga) kwenye kampuni ya watu huku akijua fika kwamba kazi anayotumwa angeweza kuisimamia mwenyewe. Njia ya kutoka hapo hadi kuwa na muhuri wako ipo. Ina mitihani miwili inayotumika karibu nchi nzima, FS (Fundamentals of Surveying, wa misingi) na PS (Principles and Practice of Surveying, wa utendaji wa kitaalamu), inayoandaliwa na NCEES, yaani baraza linalounganisha bodi za wahandisi na wapima za majimbo yote. Baada ya hiyo huwa kuna mtihani wa jimbo lako.

Niseme mapema ninachoamini, maana ndicho kilichopanga hatua zote zinazofuata: hesabu hazitakuangusha. Travasi (mistari inayofuatana, kila mmoja ukipimwa umbali na mwelekeo) ni travasi, Tabora au Texas. Kitakachokuangusha, usipokiheshimu, ni sheria ya mipaka, kwa sababu nyumbani tulizoea kuutafuta mpaka kwenye ramani iliyopitishwa na serikali, na huku mpaka hutafutwa kwenye ushahidi.

Hatua ya 1: Amua jimbo kabla hujafungua kitabu

Marekani haina leseni ya taifa ya upimaji ardhi. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. Anayeishi Kansas City ana Missouri upande mmoja wa barabara na Kansas upande wa pili, na leseni ya upande mmoja haimruhusu kurudishia alama za mpaka ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Kwa hiyo "nataka leseni ya Marekani" bado si mpango.

Fungua tovuti ya bodi ya jimbo unakoishi, au unakotarajia kuishi miaka mitano ijayo, uandike majibu ya maswali haya: wanadai shahada gani? Wanadai miaka mingapi ya kazi, na chini ya nani? FS unaweza kuufanya lini? Mtihani wa jimbo unahusu nini? Tofauti ni kubwa kuliko unavyodhani. Yapo majimbo yanayodai shahada ya upimaji hasa, yapo yanayokubali shahada ya fani jirani ikiwa na masomo kadhaa ya upimaji, na yapo, California ikiwemo, ambayo yatakupa njia ya kupita kwa uzoefu wa kazi hata bila shahada. Mtu asiyelijua hili anaweza kupoteza miaka akikusanya karatasi ambazo jimbo lake halizihitaji.

Usitegemee alichokuambia rafiki aliyeko jimbo jingine. Andikia bodi barua pepe, eleza ulikosoma na unachofanya sasa, na uhifadhi majibu yao. Kwa ninavyoona, bodi hizi hujibu vizuri kuliko ofisi nyingi tulizozoea.

Hatua ya 2: Vyeti vya nyumbani vianze safari sasa

Shahada ya nje huhitaji kutathminiwa. NCEES wenyewe wana huduma ya tathmini kwa waliosoma kwenye programu zisizo na ithibati ya ABET, chombo cha Marekani kinachokagua programu za uhandisi na upimaji, na bodi nyingi huikubali. Wanalinganisha masomo yako, somo kwa somo, na kiwango chao cha elimu ya upimaji, kisha wanaeleza ulichotimiza na ulichopungukiwa.

Jambo la kufanya leo: wasiliana na ofisi ya msajili wa chuo chako kuhusu transkripti kutumwa moja kwa moja kutoka chuoni, kwa sababu nakala uliyonayo kabatini, hata ikiwa na mhuri wa wakili, mara nyingi haitakubalika. Omba pia silabasi za mwaka uliosoma wewe. "Upimaji II" kwenye transkripti haimwambii mtathmini kitu. Silabasi ndiyo itakayoonyesha kwamba somo hilo lilikuwa la marekebisho ya mitandao ya kontroli, yaani kusawazisha vipimo vya pointi za msingi za upimaji. Ukiwa na ndugu au mwanafunzi mwenzako aliyebaki Dar au Nairobi, mpe kazi ya kufuatilia ana kwa ana. Barua pepe peke yake inaweza kukaa.

Tathmini ikionyesha pengo, usikate tamaa wala usikimbilie shahada mpya. Mapengo ya masomo machache huweza kuzibwa kwa kozi za chuo cha kati cha karibu au za mtandaoni. Somo la kuchukua kwanza, hata kama hukuambiwa, ni sheria ya mipaka.

Hatua ya 3: FS, na vipimo vya kuzoea upya

FS ni mtihani wa misingi. Una maswali 110, na miadi nzima chumbani ni saa 6, ambapo muda wa maswali yenyewe ni saa 5 na dakika 20. Hiyo ni chini kidogo ya dakika 3 kwa swali. Unafanywa kwenye kompyuta katika vituo vya Pearson VUE, mwaka mzima. Maeneo yake ni saba: mbinu za upimaji, uchoraji ramani, sheria ya mipaka na mali, kanuni za upimaji, hesabu za upimaji na matumizi ya kompyuta, mambo ya biashara, na hisabati pamoja na takwimu.

Huingii na kitabu chochote. Kitabu cha rejea cha NCEES kinakuwa kwenye skrini, upande mmoja wa swali, na toleo lake hupatikana bure kwenye tovuti yao ukishafungua akaunti. Kipakue siku ya kwanza ya kujiandaa, na usikichapishe. Soma ukikitafuta kwa maneno kwenye skrini, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyokitumia. Mwenye kujua fomula ya mkunjo iko sura ipi na inaitwaje kwa Kiingereza cha Marekani anaokoa dakika nyingi kuliko aliyekariri fomula ishirini.

Kwa aliyesoma vizuri nyumbani, miezi mitatu hadi minne ya jioni za kazi inatosha. Lakini sehemu ya muda huo uitenge kwa mambo ambayo mikono yako imezoea tofauti.

La kwanza ni futi. Huku kazi inapimwa kwa futi zenye desimali, sehemu za kumi na za mia, na inchi wanaachiwa maseremala. Halafu kuna futi mbili. Futi ya kimataifa ni mita 0.3048 kamili, futi ya upimaji ni mita 1200/3937. Matumizi rasmi ya hiyo ya pili yalikomeshwa mwishoni mwa 2022, lakini ramani na koordineti zilizotengenezwa nayo zitabaki makabatini kwa miaka mingi. Tofauti ni sehemu 2 kwa milioni, ambayo kwenye upande wa kiwanja huioni. Kwenye koordineti ya futi 2,000,000 inakuwa futi 4, na hapo umeingia sebuleni kwa jirani.

La pili ni mwelekeo. Sisi tulilelewa na beringi za duara zima, kuanzia 0° hadi 360°. Hati za Marekani zinaandika kwa robo za duara: S 37°15' W, ambayo kwako ni 217°15', N 52° W, ambayo ni 308°. Fanya mazoezi ya kubadilisha huku na huku mpaka usihitaji kuchora. Swali la travasi lenye pande sita linakupa nafasi sita za kukosea alama ya kujumlisha au kutoa.

La tatu ni cheni ya Gunter: futi 66, linki 100. Cheni 80 ni maili moja, na cheni 10 za mraba ni ekari moja, yaani futi za mraba 43,560. Ukisoma hati ya karne ya 19 utakutana nayo kila mstari.

La nne ni projeksheni, yaani namna ya kuilaza dunia ya duara kwenye ramani bapa. Umezoea mfumo wa koordineti wa UTM kwenye datumu ya Arc 1960, ukanda wa 36 au 37. Hapa utakutana na mfumo wa koordineti wa kila jimbo: yaliyolala mashariki hadi magharibi kwa kawaida hutumia Lambert, yaliyosimama kaskazini hadi kusini hutumia Merkata ya kulala. Texas peke yake ina kanda tano. Mtahini anapenda sana swali la umbali wa ardhini na umbali wa gridi, yaani ule wa kwenye koordineti za ramani. Chukua mahali palipo futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, kama Denver inavyokaribia. Kizidishi cha mwinuko ni takriban 0.999761, ukipewa kizidishi cha skeli cha 0.999900, zao la viwili hivyo ni 0.999661. Maili moja uliyoipima ardhini, futi 5,280, inakuwa futi 5,278.21 kwenye gridi. Aliyepima Nairobi au Mbeya anaifahamu hali hii. Anachohitaji ni kasi.

Mikunjo ya barabara, hesabu za eneo, ujazo wa udongo, kuenea kwa makosa na njia ya miraba midogo zaidi: rudia maswali, usirudie nadharia. Sehemu ya biashara isomwe wikiendi moja.

Kikokotoo chagua sasa, maana vinavyoruhusiwa ni familia chache tu: Casio fx-115 na fx-991, HP 33s na HP 35s, TI-30X na TI-36X. HP 35s ilipendwa sana na wapima lakini haitengenezwi tena, na bei za mitumba ni za kushangaza. Casio fx-991 inafanya kila kitu unachohitaji, ikiwemo kubadilisha koordineti za polar kuwa za mstatili, kazi ambayo utaifanya mara nyingi. Fanya mazoezi yote na kikokotoo hicho hicho.

Hatua ya 4: Chagua kazi itakayokufundisha mpaka

Ukifaulu FS unakuwa mpima aliye mafunzoni, na majimbo mengi hudai takriban miaka 4 ya kazi chini ya mpima mwenye leseni. Miaka hiyo si sawa kwa kila mtu. Unaweza kuimaliza yote ukiwekea makandarasi vigingi vya barabara, ukatoka fundi mzuri wa ujenzi ambaye hajawahi kutafuta kona iliyopotea.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya kampuni kubwa ya ujenzi na ofisi ndogo ya watu wanne inayopima mashamba na viwanja vya watu, chagua ofisi ndogo, hata kama saa inalipa dola mbili chini. Pale utachimba udongo kutafuta chuma kilichozikwa 1920, utamsikiliza mzee akieleza ua ulikuwa wapi, na utatumwa kaunti kusoma hati. Omba kutumwa kaunti. Wapima wengi vijana huku wanakwepa kazi ya masijala kwa sababu haina jua wala droni, kwa hiyo bosi atafurahi.

Andika kumbukumbu za kazi kila mwezi: mradi, ulichofanya, aliyekusimamia, namba ya leseni yake. Bodi zitadai maelezo haya pamoja na wadhamini wenye leseni, na msimamizi aliyekupenda anaweza kuwa amestaafu au amehama utakapomhitaji.

Hatua ya 5: Jifunze kufikiri kama anayepima ushahidi

Hapa ndipo utumie nusu ya nguvu zako zote.

Tanzania, kiwanja kilichopimwa kina ramani iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, na bikoni ikichimbuliwa unairudishia kwa koordineti zake. Kenya, mashamba mengi yana mipaka ya jumla, na mgogoro unapelekwa kwa msajili wa ardhi na ramani yake. Pote pawili kuna ofisi ya serikali inayosema neno kuhusu mpaka. Sehemu kubwa ya Marekani haina ofisi hiyo. Kaunti inapokea hati ya mauziano, inaipa namba, inaiweka kwenye kumbukumbu; haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza wala kwamba vipimo ni sahihi. Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, ni miongoni mwa majimbo machache yenye usajili wa mtindo wa Torrens, ambapo serikali huthibitisha umiliki wenyewe, kwa baadhi ya ardhi, lakini hata huko hati za kawaida zipo bega kwa bega nao.

Kwa hiyo mpima anasoma mnyororo wa hati za mali yenyewe na za majirani, anakwenda kutafuta alama zilizobaki, anapima, kisha anatoa maoni ya kitaalamu kuhusu mpaka ulipo. Mahakama ndiyo yenye neno la mwisho. Jaji Thomas Cooley wa Mahakama ya Juu ya Michigan aliwaeleza wapima wa karne ya 19 kwamba kazi yao ni kutafuta alama za awali zilikuwa wapi, na kwamba hawana mamlaka ya kuzihamishia mahali wanapodhani zingepaswa kuwa. Maswali mengi ya PS yanauliza jambo hilo kwa nguo tofauti.

Anza na mpangilio wa uzito wa ushahidi pale maneno ya hati yanapogongana. Kwa kawaida alama za asili, kama mto au mwamba, zinatangulia. Kisha alama zilizowekwa na watu. Kisha mistari ya majirani iliyotajwa. Kisha mielekeo na umbali. Na eneo linakuja mwisho. Soma tena mstari huo. Ekari zilizoandikwa kwenye hati, ambazo nyumbani mnunuzi angezishikilia kwa meno, hapa ndizo dhaifu kuliko zote. Na chuma cha zamani kilichokubalika kinaishinda GNSS yako, kipimo cha satelaiti chenye usahihi wa sentimita moja. Mtu aliyetoka chuoni na imani ya koordineti huchagua jibu la GNSS, na hukosa.

Kisha fahamu tofauti ya kuuza kwa zamu na kuuza kwa mpigo. Mmiliki anaamini ana upana wa futi 200. Anamuuzia mtu wa kwanza futi 100, mwaka unaofuata anamuuzia wa pili futi 100 "zilizobaki". Ukipima, ardhi yote ni futi 196. Wa kwanza anachukua 100 kamili, wa pili anabaki na 96, kwa sababu muuzaji hakuwa na zaidi ya hizo za kumpa. Sasa badilisha kisa: mmiliki amechora ramani ya ugawaji yenye viwanja viwili vya futi 100, ikasajiliwa, alama za mwisho zipo ila ya katikati haijulikani ilipowekwa. Viwanja vilizaliwa siku moja, hakuna mkubwa. Upungufu unagawanywa, kila kimoja futi 98. Ukiona swali lenye tarehe za hati, tarehe hizo hazikuwekwa kwa mapambo.

Halafu kuna mfumo wa taunishipu, wa kuigawa ardhi ya umma kwa miraba. Ulianza na sheria ya ardhi ya 1785 na unafunika majimbo 30. Taunishipu ni mraba wa maili 6 kwa 6, seksheni 36, kila moja ekari 640 kwa nadharia. Namba zinaanzia kona ya kaskazini mashariki na kwenda magharibi hadi 6, zinashuka na kurudi mashariki kutoka 7 hadi 12, na kuendelea kwa kujipinda hivyo mpaka 36 kusini mashariki. Ziada na upungufu wa kipimo ulisukumwa kwenye safu za kaskazini na magharibi. Chora taunishipu kwa mkono kila asubuhi kwa wiki moja na hutaisahau.

Ndani ya mfumo huo, tenganisha kona za aina tatu. Iliyopo ni ile ambayo alama yake, au mabaki yake, bado yanaonekana. Iliyofutika ni ile ambayo alama haipo lakini mahali pake panaweza kujulikana kwa ushahidi: kauli za walioiona, ua uliojengwa juu yake, miti iliyoandikwa kama shahidi. Iliyopotea ni ile ambayo ushahidi wote umeisha. Kugawa kwa uwiano kunaruhusiwa kwa iliyopotea tu, tena kama hatua ya mwisho. Mtahini atakupa data nzuri za kugawa kwa uwiano, huku katikati ya maelezo ameficha nguzo ya ua iliyowekwa pale pale palipokuwa na jiwe. Anayeanza kukokotoa mara moja amenaswa.

Kona ikiwa imepotea kweli, hesabu ni rahisi. Tuseme kona ya robo, ile inayowekwa katikati ya upande wa seksheni, iko kati ya kona mbili za seksheni, na wapima wa kwanza waliandika cheni 40.00 upande mmoja na 38.50 upande wa pili. Leo umepima futi 5,190.00 kati ya kona hizo mbili. Gawanya 5,190.00 kwa 78.50, zidisha kwa 40: futi 2,644.59 kutoka kona ya kwanza. Aliyezidisha cheni 40 kwa futi 66 akapata 2,640 amepoteza swali, na kazini angempoteza mteja. Kwa kona inayohusu seksheni nne ndani ya taunishipu, au taunishipu nne, uwiano hufanywa pande mbili, kaskazini–kusini na mashariki–magharibi. Jifunze lini ni upande mmoja na lini ni pande mbili. Kukokotoa kwenyewe utakujua.

Mambo mengine ya sheria yasome kwa visa, usiyasome kwa fasili. Mtu aliyekalia ardhi ya mwenzake kwa uwazi, mfululizo, bila ruhusa, kwa miaka iliyotajwa na sheria ya jimbo, anaweza kuipata. Lakini mpima hampi umiliki huo, anauonyesha tu kwenye ramani na kuripoti. Mto ukila ukingo taratibu na kuongeza udongo upande wa pili, mpaka unahama nao. Ukihama ghafla kwa mafuriko, mpaka unabaki ulipokuwa. Haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine inabaki hata shamba likiuzwa, na kwenye mtihani hutajwa kwa majina kadhaa kulingana na ilivyopatikana. Maneno haya yote yajue kwa Kiingereza chao, kwa sababu mtihani hautatafsiriwa. Tengeneza daftari lenye neno upande mmoja na kisa cha mistari miwili, kwa Kiswahili chako, upande wa pili. Kisa unachokielewa kwa lugha yako hakikutoroki ukiwa na hofu.

Hatua ya 6: PS na chumba cha mtihani

PS una maswali 100 katika miadi ya saa 7, ambapo muda wa maswali ni saa 6. Nao unatumia kitabu cha rejea cha kwenye skrini. Uzito uko kwenye kanuni za kisheria, utendaji wa kitaalamu, viwango, biashara na maeneo ya kazi. Hakikisha unavijua viwango vya ALTA/NSPS (chama cha kampuni za bima ya umiliki na chama cha wapima) vya upimaji wa hati miliki, vinavyotakiwa na kampuni za bima ya umiliki na benki. Toleo la 2021 liliweka ukomo wa usahihi kuwa futi 0.07 jumlisha sehemu 50 kwa milioni. Vyeti vya mwinuko kwa maeneo ya mafuriko navyo vipitie. Muundo wa mitihani hurekebishwa kila miaka kadhaa, kwa hiyo pakua maelekezo mapya kutoka NCEES wiki unayojisajili, usitumie ya mwaka juzi uliyorithi kazini.

Nunua mtihani wa mazoezi wa NCEES na uufanye mara moja tu kwa muda kamili, mezani, simu ikiwa chumba kingine. Ukiufanya vipande vipande utajua majibu lakini hutajua kama unaweza kukaa saa 6 bila akili kuzimika saa ya nne.

Jina. Hili ni letu hasa. Jina la kujisajili lazima lilingane na kitambulisho utakachoonyesha mlangoni. Mwenye majina matatu ambaye leseni yake ya udereva inaonyesha jina la babu kama ukoo, huku cheti cha chuo kikionyesha la baba, amalize suala hilo na NCEES mapema. Mlangoni hawajadili.

Ndani utapewa ubao mwembamba wa kuandikia na kalamu ya kufutika. Kwenye FS kuna mapumziko ya dakika 25 katikati, na ukishakabidhi nusu ya kwanza huwezi kuirudia, kwa hiyo usiache swali tupu. Jibu baya halikatwi alama, kisia. Si maswali yote ni ya kuchagua herufi moja: mengine yatakutaka uchague majibu kadhaa, ubofye sehemu ya mchoro, uburute vitu kwenye mpangilio au uandike namba. Kwenye swali la mpangilio wa kona na ushahidi, kuburuta kunatumika vizuri sana, tena bila huruma.

Pita mara ya kwanza ukijibu unayoyaweza chini ya dakika mbili, weka bendera kwenye mengine, rudi. Maswali ya sheria yasome mara mbili kabla ya kutazama majibu, ukijiuliza: ni nani alipewa haki kwanza, na ni ushahidi gani umebaki ardhini?

Matokeo ya mitihani hii kwa kawaida hutoka ndani ya siku 7 hadi 10. Aliyefaulu anaambiwa amefaulu, bila alama. Aliyeshindwa anapata ripoti inayoonyesha alivyofanya kila eneo. Ichukue hiyo ripoti kwa uzito: eneo lililo chini ndilo la kuanza nalo, hata kama ndilo hulipendi.

Hatua ya 7: Mtihani wa jimbo

Watu huudharau kwa sababu ni mfupi. Unahusu sheria, kanuni za bodi, viwango vya chini vya upimaji na historia ya ardhi ya jimbo husika, na humo ndimo mambo ya ajabu yalimo. Texas haimo kwenye mfumo wa taunishipu kabisa. Ardhi yake ilianza na mashamba yaliyogawiwa na Wahispania na Wameksiko, na hati za zamani zimeandikwa kwa vara, ambayo huko ni inchi 33⅓. Majimbo ya kwanza ya pwani ya mashariki nayo yanaeleza mipaka kwa mwelekeo na umbali kutoka mti hadi jiwe hadi kijito. Pakua sheria ya jimbo na kanuni za bodi, uzisome neno kwa neno kama mwanasheria, ukitia alama kila namba: miaka ya kuikalia ardhi, siku za kusajili ramani, ukubwa wa chuma cha kuweka kwenye kona, saa za mafunzo endelevu.

Fungua pia faili la NCEES Records mapema. Linaweka pamoja elimu, mitihani, kazi na wadhamini wako, na siku utakapotaka leseni ya jimbo la pili, bodi yake inatumiwa faili zima. FS na PS hurudii. Mara nyingi kinachobaki ni ada na mtihani wa jimbo hilo jipya.